Sabuni ya Fundi Sikio

Pikapu ya Ursula haikuwa na ugomvi na mwendo. Ukiiingiza kwenye lami pale Chemba ukaikanyagia mafuta, inakuja inaimba mpaka Dodoma mjini. Ugomvi wake ulikuwa na upole. Ukipunguza kwenye tuta, inakohoa. Ukisimama kupisha ng'ombe, inatetemeka kama mtu wa malaria. Ukiiacha kwenye sailensa, yaani injini iungurume yenyewe bila mguu wa mtu, inapiga chafya tatu halafu inazima, na kuiwasha tena ni mpaka uisemeshe.

Na kazi yote ya Ursula ni ya polepole. Anakusanya asali kule Kwamtoro, nyumba kwa nyumba, kwenye njia za mchanga ambazo hata baiskeli inashuka ikatembea kwa miguu. Ndoo za asali hazibebwi kwa mbio. Ukizikimbiza, unafika mjini umepaka pikapu nzima asali na nyuki wanakusindikiza kama msafara wa kiongozi.

Basi Alhamisi asubuhi akaileta Nkuhungu, kwa Zablon Ndahani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mtani. Mbona gari linalia hivyo, umelipasha habari za msiba?"

"Limekuwa Mgogo. Ukilikimbiza linafanya kazi, ukiliacha litulie linaanza kuomba omba."

Mafundi wa jirani wakacheka. Zablon mwenyewe akacheka zaidi yao, maana utani wa Msandawe na Mgogo haukasirikiwi, unalipwa.

"Sisi tukiomba watu wanaelewa," alisema huku akifungua boneti. "Nyie mkiomba kwa ile lugha yenu ya kudatisha ulimi, mtu anadhani unatafuna kashata, anakupita."

Zablon ni mtu wa miaka hamsini na sita, mrefu, mabega yameinama mbele kwa sababu nusu ya maisha yake ameyaishi akiwa ameingia kwenye boneti za watu. Pale kwenye safu ya magereji hakuna anayemwita Zablon. Wanamwita Fundi Sikio. Jina alilipata zamani, siku lori lilipopita barabarani naye akiwa anakula, akasema bila kuinua uso kwenye sahani ya ugali wa uwele, "Huyo hafiki Manyoni." Lori halikufika Manyoni. Halikufika hata Bahi.

Vifaa vyake vya kupimia ni viwili. Kwanza bisibisi ndefu yenye mpini wa mti: ncha anaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini anauweka kwenye mfupa mbele ya sikio, na injini inamweleza yenyewe nini kinaisumbua ndani. Pili ni kipande cha mpira mwembamba, kama mita moja na nusu. Ncha moja sikioni, nyingine anaipitisha juu ya injini taratibu, kama daktari na kifua cha mtoto. Huo ni wa kutafutia hewa. Injini ikivuta hewa mahali pasipo halali yake, hata kwenye tundu la sindano, pale panapiga mluzi mwembamba, na mpira unauleta sikioni.

Na akiinua tu ule mpira, safu nzima inanyamaza. Huo ndio utaratibu, hakuna aliyeuandika. Anayenyoosha bati anashusha nyundo, anayechomelea anazima, redio inapunguzwa. Hata mteja mgeni anayeongea na simu anakonyezwa akae kimya. Heshima ya namna hiyo, pale Nkuhungu, mchungaji mwenyewe haipati.

Siku hiyo wakanyamaza. Zablon akapitisha mpira kwenye maungio yote, mbele, pembeni, akauzungusha mpaka nyuma kabisa ya injini ambako hata mkono unaingia kwa kuomba ruhusa. Huko nyuma kuna mpira mdogo wa hewa ambao aliufunga yeye mwenyewe masika ya mwaka jana, ulipopasuka. Aliuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, akakaza kwa fundo. Pale alisikiliza mara mbili, kwa haki. Kimya.

"Hewa haivuji," alitangaza. Nyundo zikarudi kazini.

Katika safu ile, Sikio akishasema hewa haivuji, hewa imefutwa. Hakuna anayerudi nyuma kuuliza. Hata Stanley, jirani yake, kijana wa miaka thelathini aliyesoma chuo cha ufundi, hakuuliza. Stanley hutafuta hewa kwa maji ya sabuni. Anapaka povu kwenye maungio. Penye tundu povu linavutwa ndani, na injini inatulia kidogo kwa vile tundu limezibwa na maji. Ni njia nzuri tu. Lakini Zablon alikuwa ameitungia msemo wake, na kila akiona kopo la Stanley aliurudia kwa sauti ya kutosha wateja wawili watatu wasikie: "Sabuni ni ya kufulia, na ya mafundi viziwi."

Ijumaa Zablon alibadilisha plagi zote. Gari likakohoa. Akabadilisha nyaya za plagi, akasafisha koo la injini inapopitia hewa mpaka likawaka kama sufuria ya bi harusi. Gari likakohoa. Jumamosi asubuhi akashusha tangi, maana vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye yai, akatoa pampu ya mafuta, akaiosha, akabadilisha chujio, akarudisha kila kitu. Mchana akawasha. Pikapu ikaunguruma vizuri kwa muda wa kutosha kumpa mtu matumaini, halafu ikapiga chafya zake tatu, ikazima.

Alisimama pale na kitambaa mkononi. Alikuwa amefika mahali ambapo fundi anaanza kulitazama gari kama mtu mwenye nia mbaya naye.

"Mzee," Stanley alisema kwa adabu, "nikupakie sabuni kidogo kule nyuma? Tujiridhishe tu."

"Lipake shati lako kwanza, Stanley. Hilo ndilo linavuja."

Watu wakacheka. Stanley akacheka pia, kisha akanyoosha kidole. "Mzee, simu yako."

"Simu gani?"

"Inaita. Hiyo hapo mezani. Hii ya pili sasa."

Zablon aliitazama simu. Ilikuwa imewaka, inatambaa yenyewe juu ya meza kama kombamwiko. Akaichukua.

"Upepo huu," alisema. "Mtu hasikii chochote."

Alikuwa Ursula. Alisema Jumatatu saa mbili asubuhi anakuja, na anakuja na gari la kuivuta pikapu, akikuta bado haijapona anaihamisha. Kuna gereji huko mjini wanapima kwa kompyuta. "Usinielewe vibaya, fundi. Wewe nimekuamini miaka tisa. Lakini asali ya watu imekaa kwenye madebe kule, na mimi nimekaa hapa nakula ubwabwa wa shemeji. Kama wewe umeshindwa kusikia, nani atasikia? Ngoja basi mashine iangalie."

Kama wewe umeshindwa kusikia. Alilisema bila nia mbaya yoyote. Lilimwingia Zablon likakaa.

Maana kulikuwa na jambo ambalo alikuwa amelikwepa kwa miezi, kwa bidii ambayo angeitumia kwenye kazi angekuwa na magereji matatu. Kusikia kwake kulikuwa kunapungua, na hakukuwa kunapungua kote. Ngurumo alizisikia. Sauti za wanaume alizisikia. Vitu vyembamba ndivyo vilivyokuwa vinaondoka kimoja kimoja bila kuaga. Nyenje wa jioni walikuwa wa kwanza. Akajiambia ni ukame. Kisha mluzi wa birika. Kisha simu. Kila kimoja alikitafutia sababu, na Dodoma, Mungu aibariki, haikosi upepo wa kusingiziwa.

Halafu kulikuwa na lile la kayamba. Mke wake, Emiliana, anapiga kayamba kwenye kwaya ya kanisa, mwaka wa kumi na moja huu. Miezi miwili nyuma, wakirudi kutoka ibadani, Zablon alimwuliza kwa wema kabisa, "Mama Lydia, siku hizi kwaya mmeacha kayamba?"

Emiliana alicheka, akidhani ni utani. Akamtazama mumewe usoni. Akaacha kucheka. Tangu siku ile, akitaka kumwambia kitu, anazunguka kwanza aje asimame mbele yake. Zablon aliliona hilo. Hakuuliza, naye mkewe hakusema, wakaishi hivyo, kama watu wawili wanaoruka shimo moja la choo bovu kila siku na hakuna anayetaja shimo.

Jumapili alimwambia Emiliana anapita kumjulia hali mgonjwa, watakutana kanisani. Hakwenda kwa mgonjwa wala kanisani. Alikwenda gereji, na mfukoni mwa suruali ya ibada alikuwa na kipande cha sabuni ya mche alichokimega bafuni.

Safu yote ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na mbuzi wawili na kuku mmoja mwenye shughuli zake. Hata hivyo Zablon aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu anayetaka kukojoa ukutani mwa ofisi ya serikali. Akachota maji kwenye kikombe cha plastiki, akasugua sabuni mpaka povu likasimama, akatafuta brashi. Akawasha gari, akalikazia waya wa mafuta kidogo lisizime.

Alianza mbele. Povu likakaa, jeupe, limetulia. Ungio la pili likakaa. La tatu. Kila povu lililokaa lilimpa pumzi, akaanza hata kupanga maneno ya kumwambia Ursula: kwamba hewa alishasema haivuji, kwamba basi tatizo ni kubwa kuliko yeye, kwamba kompyuta nayo ifanye kazi yake. Ni kushindwa, lakini kushindwa na gari si aibu. Magari yanashinda watu kila siku.

Akaingiza brashi kule nyuma, kwenye mpira aliofunga mwenyewe.

Povu likamezwa.

Halikupasuka wala kutiririka. Lilitobolewa kishimo katikati, likavutwa ndani likaisha, kama uji kwenye kinywa cha mtoto mwenye njaa. Na kiganja chake kilichokuwa juu ya bodi ya gari kikahisi injini inatulia. Mtetemo ukanyooka. Povu likaisha, mtetemo ukarudi. Akapaka tena. Likamezwa tena.

Alichukua ule mpira wake wa kusikilizia. Akaweka ncha moja sikioni, nyingine akaisogeza mpaka ikagusa pale pale kwenye tundu, ambapo macho yake yalikuwa yanaona povu likinyonywa. Umbali huo, mluzi ulitakiwa umtoboe kichwa.

Kimya.

Akahamishia sikio la pili. Akautoa mpira, akaupuliza, kwamba labda umeingia mchanga. Haukuwa na mchanga. Akachokoa sikio kwa kijiti cha kiberiti. Akarudisha. Injini aliisikia, ule muungurumo wa chini. Ngoma ya kanisani, mtaa wa pili, aliisikia vizuri, du, du, du. Lakini pale mbele yake kitu kilikuwa kinapiga kelele na kelele haikuwepo. Ilikuwa kama kutazama televisheni ya jirani kupitia dirishani.

Akazima gari. Akaanza kufungua ukanda wa tyubu. Fundo alilitambua: fundo la kufungia ndama, alilofundishwa na baba yake kijijini kabla hajajua gari ni nini, na ambalo amelitumia kwenye kila kitu tangu hapo. Mpira wa tyubu ulikuwa umelowa mvuke wa oili mwaka mzima. Ulikuwa umelainika, ukamnatia vidoleni kama mlenda. Kazi ya mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana Alhamisi alisikiliza pale mara mbili, kwa haki. Na mara zote mbili ulikuwa unampigia mluzi.

Akakata kipande cha mpira mpya, akakivalisha, akakaza kwa klempu mbili za chuma. Akawasha. Pikapu ikaunguruma polepole, sawasawa, bila chafya hata moja. Fundi yeyote angefurahi. Zablon alikaa chini juu ya injini ya zamani isiyo na mwenyewe, akatazama gari zima lililopona.

Sijui alikaa muda gani. Yeye mwenyewe hajui. Alichoona ni viatu vyeupe vya kwaya mbele yake.

"Nimekuita mara tatu," Emiliana alisema.

"Upepo."

"Leo hakuna upepo, Baba Lydia."

Ni kweli. Hata jani halikuwa linatikisika. Emiliana alitazama kikombe cha povu, akatazama brashi. Msemo wa sabuni aliujua; nani pale Nkuhungu hakuujua? Alikuwa bado amebeba kayamba lake kwapani, limefungwa kwenye kanga.

"Lipige," Zablon alisema.

"Nini?"

"Kayamba. Lipige hapa."

Alilifungua, akaliinua karibu na sikio la mumewe, akalitikisa. Zablon aliuona mkono wa mkewe unakwenda na kurudi, akausikia upepo wake mdogo shavuni. Sauti yenyewe ilikuwa kama mtu anayemwaga mchanga kijiji cha tatu. Emiliana alitikisa kwa nguvu zaidi, akatikisa mpaka jasho likamtoka, halafu akaacha, akaketi karibu naye na nguo zake nyeupe kwenye oili.

"Twende hospitali wakuangalie."

"Wataniambia nini? Wakinong'ona sitasikia, wakipiga kelele mji mzima utajua."

Emiliana hakucheka. Wala Zablon mwenyewe.

"Ni nyundo hizi," Zablon alisema baadaye. "Miaka thelathini. Wananyamaza nikisikiliza. Nikimaliza wanaanza tena."

Jumatatu saa mbili Ursula akaja na gari la kuivuta pikapu, dereva wake ana kamba mkononi tayari. Zablon akamkabidhi ufunguo. Pikapu ikawaka. Ursula akakaa ndani dakika nzima mguu ukiwa mbali na mafuta, anasubiri chafya. Chafya haikuja. Akaizungusha uwanjani taratibu kama anafuata jeneza. Haikukohoa.

"Jamani!" alipiga kelele akishuka. "Hili sikio likatiwe bima! Wewe mwenye kamba, rudi kwenu, hapa hakuna maiti!"

Safu ikachangamka. Mwenye kamba akazomewa kwa furaha. Stanley akaja akifuta mikono. "Mzee, umeipata wapi?"

"Kule nyuma. Mpira wa hewa."

Stanley akafungua mdomo kuuliza, akakumbuka adabu, akaufunga. Lakini alikuwa amekwishapiga hesabu, ilionekana usoni.

"Sasa fundi, kabla sijaondoka," Ursula alisema. "Kuna kidude kimeanza kunililia hapa mbele, sauti nyembamba kama kifaranga kimekanyagwa. Nisikilizie mara moja tu, nisije nikarudishwa njiani."

Zablon alisogea. Mkono ukafanya ulichozoea: ukachukua bisibisi ndefu. Na walipouona mkono umeinuka na bisibisi, safu nzima ikanyamaza. Nyundo zikashuka. Redio ikazimwa. Mwenye kamba akakonyezwa asitafune kwa sauti.

Aliweka ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa sikio. Akainua macho akawaona wote. Mmoja alikuwa amekunja uso kwa ule mlio. Ursula alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole. Kilikuwa kinalia, basi. Kinawauma meno wote pale, na yeye peke yake alikuwa amesimama katikati ya kimya chote kile walichompa, na hakuwa na pa kukiweka.

Angeweza kusema mkanda. Mara saba kati ya kumi ni mkanda. Angebadilisha, na kama si mkanda, Ursula angezimikia porini na madebe ya asali ya watu, kwa mchanga ule, kwa jua lile.

Aliteremsha bisibisi, akaigeuza, akamwelekezea Stanley mpini.

"Sikiliza wewe."

Stanley alirudi nyuma hatua moja. "Mzee, mimi huo mtego siingii. Nikikosea utanitungia msemo mwingine."

"Niliipata kwa sabuni, Stanley." Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, siku hizi hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani. "Jana. Kwa povu. Mpira wangu haukuniambia kitu. Hata sasa sisikii. Sikiliza wewe."

Nyuma kabisa mtu mmoja alianza kucheka, akidhani ni utani umeanza, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Ursula akakitoa kidole sikioni.

Stanley alichukua bisibisi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mkwe. Akainama. Akaiweka ncha hapa, akaihamishia pale.

"Beringi ya alteneta," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akakumbuka, akazunguka akaja kusimama mbele ya Zablon, akarudia kwa mdomo mpana. "Beringi, mzee. Ya alteneta."

"Basi mfungulie," Zablon alisema.

Akaenda kukaa kwenye injini yake ya zamani. Safu ilibaki kimya bado, wakimtazama, kila mtu akingoja mwingine aanze. Alipunga mkono kwamba waendelee na kazi. Nyundo ya kwanza ikapiga bati, ikafuata ya pili. Hizo alizisikia vizuri sana, moja moja.